Kwa nini injini ya ndege ndogo ina plagi mbili kila silinda

Ukipanda ndege ndogo ya injini moja ya pistoni, zile Cessna 172 au 206, kuna kitu rubani anafanya kabla hajaingia njia ya kurukia ambacho huwa kinawatia abiria wasiwasi. Anasimama pembeni, anakanyaga breki, anapandisha injini mpaka ndege nzima inatetemeka, alafu mkono unaenda kwenye funguo, mlio unashuka kidogo, unarudi, unashuka tena, unarudi. Binamu yangu alipanda moja kwenda mbugani, jioni yake akanitumia voisi: "Kaka, ile injini ilikuwa inakatakata kabla hatujaruka na jamaa akaruka hivohivo, hiyo ni sawa kweli?"

Ni sawa binamu, tena asingefanya vile ndo ungekuwa na haki ya kuogopa. Jamaa alikuwa anazima kwa makusudi nusu ya mfumo unaotoa cheche kwenye injini ili aone nusu iliyobaki kama iko hai, alafu anabadilisha, anazima ile nyingine. Whatsapp nilimjibu kwa kifupi lakini hii mada naipenda sana, ndo kazi inayonilisha, kwa hiyo leo naiandika kwa kirefu, mwenye haraka aruke mbele.

Tuanzie kwenye gari manake wengi tunalijua. Gari la kawaida kila silinda ina plagi moja, cheche inatoka kwenye koili, koili inakula umeme wa betri na altaneta, na kompyuta ya gari ndo inaamua cheche ipige saa ngapi. Umeme ukikata kabisa injini inazima, unasogeza gari pembeni, unampigia fundi. Kwenye injini ya ndege ndogo mambo ni tofauti kuanzia kwenye mzizi. Silinda nne zina plagi nane, silinda sita zina plagi 12, na hizo plagi zimegawanywa kwenye magneto mbili, yaani vifaa vinavyojitengenezea umeme wa cheche, kila magneto na koili yake, waya zake na plagi zake, na zote mbili hazijui kama kuna betri humo ndani. Sheria ya Marekani inayosimamia utengenezaji wa injini za ndege, kifungu cha 33.37, inataka hivohivo: mifumo miwili ya cheche, angalau plagi mbili kwa kila silinda, saketi mbili zilizotengana na kila moja na chanzo chake cha umeme, au uje na mfumo mwingine wenye uhakika ulio sawa na huo ukiwa angani.

Najua kuna mtu atasema mbona Honda Fit yangu ina plagi nane. Ni kweli, zile Fit za mwanzo za i-DSI zina plagi mbili kila silinda, na pikipiki ya Pulsar DTS-i nayo hivohivo. Lakini zile plagi zote zinategemea mfumo mmoja wa umeme na kompyuta moja, kata huo umeme uone kama kuna hata moja itabaki inapiga. Pale plagi mbili zimewekwa ili mafuta yaungue vizuri, basi. Kwenye ndege sababu ziko mbili, kuungua vizuri na kutokufa kwa pamoja, na watu wengi wanaijua moja tu kati ya hizo.

Sasa magneto yenyewe. Ni kiboksi cha aluminiamu unaweza kukibeba kwa mkono mmoja, kimefungwa nyuma ya injini na kinazungushwa na gia za injini yenyewe. Ndani kuna sumaku ya kudumu inayozunguka, pembeni yake kuna koili yenye waya wa aina mbili, waya mnene uliozungushwa mara chache na juu yake waya mwembamba mno uliozungushwa maelfu ya mara. Sumaku ikizunguka inazalisha umeme kwenye ule waya mnene, umeme mdogo tu, na huo umeme unapita kwenye pointi, vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana kama swichi, ambazo wakati huo zimefunga. Pale nguvu ya sumaku inapofika mahali pake, kemu, kijichuma kinachozunguka chenye nundu, inafungua pointi, umeme unakatika ghafla, na kule kukatika kwa ghafla ndo kunakozalisha umeme mkali kwenye ule waya mwembamba, volti elfu kumi na kitu hadi 20,000 na zaidi. Kondensa iko pale kuzuia cheche isirukie kwenye pointi zenyewe, kondensa ikifa pointi zinaungua haraka sana na cheche kwenye plagi inakuwa dhaifu. Kutoka hapo umeme unaingia distribyuta, unagawiwa silinda hadi silinda kwa zamu yake.

Fundi yeyote aliyewahi kutengeneza gari la zamani la pointi atasema hii ninaijua. Tofauti kubwa ni ile sumaku. Gari la pointi lilikuwa linaomba umeme kwenye betri, magneto inajitengenezea wa kwake, kwa hiyo propela ikiwa inazunguka na magneto ni nzima, cheche ipo. Unaweza kuwa juu ya Serengeti, altaneta imekufa, betri imeisha, redio kimya, taa hakuna, na injini ikaendelea kuimba mpaka utue. Hilo mimi huwa linanifurahisha kila nikilifikiria, kitu kilichobuniwa zaidi ya miaka mia iliyopita na bado hakidai chochote kwa mtu.

Na kinafanya kazi kweli. Chukua injini ya silinda nne inayozunguka mara 2,400 kwa dakika. Kila silinda inaungua mara moja kwa kila mizunguko miwili, kwa hiyo kila plagi inapiga cheche 20 kwa sekunde, zidisha kwa plagi nane unapata cheche 160 kila sekunde, na safari ya saa moja ni zaidi ya cheche laki tano. Zote zinatakiwa zipige kwa wakati wake, kabla pistoni haijafika juu, na injini nyingi za kampuni ya Lycoming wakati huo ni digrii 20 au 25 kabla ya juu kabisa. Digrii 25 kwa mwendo huo ni chini ya sehemu mbili za elfu ya sekunde.

Kwa nini iwahi namna hiyo? Kwa sababu moto hauungui papo hapo, unatembea. Silinda za ndege ni pana sana, Lycoming O-360 ina lita karibu sita kwenye silinda nne tu, upana wa silinda moja ni milimita 130, wakati Vitz ya lita moja silinda yake ni milimita 70 hivi. Moto ukianzia upande mmoja una safari ndefu mpaka ufike upande wa pili. Ndo kama kuchoma shamba, ukiwasha kona moja utasubiri, ukiwasha kona mbili zinazotazamana moto unakutana katikati na kazi imeisha. Plagi moja iko juu ya silinda, nyingine chini, mioto miwili inakutana. Ndo maana ukizima magneto moja injini haizimi lakini mizunguko inashuka kidogo, mafuta ni yaleyale, hewa ni ileile, ila moto umechelewa kumaliza na sehemu ya joto inatoka na moshi bila kusukuma pistoni. Ukiwa na geji ya joto la moshi utaiona inapanda hapohapo ukizima moja, watu wanashangaa, nguvu imepungua joto limepanda, jibu ni hilo, moto bado unaungua wakati valvu inafunguka.

Kwa hiyo yule rubani wa binamu yangu alipogeuza funguo, kule kushuka kwa mlio ndo alikokuwa anakutafuta. Kwenye Cessna 172S kitabu cha ndege kinasema panda mpaka mizunguko 1,800 kwa dakika, kila magneto ikibaki peke yake isishuke zaidi ya 150, na tofauti kati ya hizo mbili isizidi 50. 172N ya zamani kidogo wanasema 1,700, isizidi 125, tofauti hiyohiyo 50. Kila ndege ina kitabu chake.

Hapa ndo nataka tukae kidogo, manake hiki ndo kitu ninachotaka kila mtu anayesomea urubani akielewe. Magneto mbili sio moja ya kazi na moja ya akiba. Zote zinafanya kazi muda wote funguo ikiwa kwenye BOTH, yaani zote mbili (L ni ya kushoto peke yake, R ya kulia peke yake), na ukiwa hapo kwenye BOTH huwezi kujua kama moja imekufa, injini itaendelea vizuri tu, utahisi labda imelegea kidogo na siku ya joto utasema ni joto. Ile akiba yako inaweza ikawa imeisha tangu juzi na hakuna taa itakayowaka. Zile sekunde chache mwisho wa njia ndo wakati pekee unapojua kwa hakika kuwa unazo mbili. Rubani anayegeuza funguo haraka haraka kama anatimiza ibada, haangalii sindano, hajaangalia kitu.

Na swichi yenyewe inafanya kazi kinyume na swichi zote unazozijua nyumbani. Swichi ya taa ukiizima unakata waya. Swichi ya magneto ukiizima unaunganisha waya. Kuna waya mmoja unatoka kwenye magneto mpaka kwenye funguo, tunauita waya wa P, ukizima funguo ule waya unapigwa ethi, umeme wa ule waya mnene wa koili unakimbilia kwenye bodi ya ndege hata pointi zikifunguka, kwa hiyo hakuna kukatika ghafla na hakuna cheche. Ukiwasha funguo waya unaachiwa na magneto iko huru. Sasa jiulize, ule waya ukikatika njiani inakuwaje? Magneto inabaki huru siku zote. Funguo OFF, funguo mfukoni, rubani yuko kantini anakunywa chai, na magneto iko tayari kupiga cheche mtu yeyote akisogeza propela. Wabunifu walichagua hivo kwa makusudi kabisa, waya ukikatika angani injini isizime. Usalama wa angani umenunuliwa kwa hatari ya chini, na mimi naona walichagua sahihi ila aliyeko chini lazima ajue.

Kuna siku pale hanga alikuja rubani kijana na 172, ametoka kuruka, ana furaha. Akamwambia mzee tuliyekuwa tunafanya naye kazi, "Fundi, hii injini ni nzima sana, nikiweka R haishuki hata kidogo." Mzee alikuwa ameinama kwenye injini nyingine, akanyanyua kichwa. "Haishuki hata kidogo?" "Hata kidogo mzee." "Na ukiweka L?" "L inashuka kama mia hivi." Mzee akafuta mikono, akasema, "Kapteni, basi mtu yeyote asiguse hiyo propela," na akaenda mwenyewe akasimama mbele ya ndege mpaka nikafungua kifuniko cha injini. Waya wa P wa magneto ya kushoto ulikuwa umekatika pale unapoingia kwenye nati ya magneto, nyuzi zote zimekatika, ganda la nje limebaki limeushikilia kwa hiyo ukiangalia kwa mbali unaona waya mzima. Ukiuvuta kwa vidole viwili unabaki nao mkononi. Mtikisiko wa injini unafanya hivo taratibu, uzi mmoja mmoja.

Tafsiri yake ni hivi, na inafaa kuikariri. R maana yake umebakisha ya kulia, ya kushoto imepigwa ethi. Kama umeweka R na mizunguko haijashuka, kuna mawili. Ama ya kushoto haijapata ethi, bado inapiga, na hiyo ndo ilikuwa kesi yetu. Ama ya kushoto ilikuwa imeshakufa zamani, hujazima kitu chochote kwa sababu hakukuwa na kitu cha kuzima. Unazitofautisha vipi? Weka L. Ikishuka kawaida, ya kushoto iko hai ila waya wake umekatika. Injini ikizima, ya kushoto imekufa na ulikuwa unaruka na moja. Dalili moja, magonjwa mawili tofauti kabisa. Na injini ikitaka kuzima ukiwa 1,800 usiirudishe BOTH kwa mshtuko, kwanza vuta throto chini au iache izime, manake mafuta ambayo hayajaungua yameshajaa kwenye ekzosi na cheche ikirudi inalipua humo ndani, mofla zinapasuka hivohivo.

Kabla ya kuzima injini mwisho wa safari, mizunguko ikiwa chini kabisa, gusa OFF kidogo urudi BOTH. Injini ikionyesha dalili ya kuzima waya zote mbili ni nzima. Isipoonyesha mwambie fundi kabla hujashuka. Alafu injini inazimwa kwa kukata mafuta sio kwa funguo, ili silinda zibaki kavu, cheche ikitokea kwa bahati mbaya isikute kitu cha kuunguza.

Kuwasha nako kuna mambo yake. Stata inazungusha injini polepole sana, na magneto kwa mwendo huo haitoi umeme wa maana, alafu zile digrii 25 kabla ya juu zinakuwa hatari, manake pistoni inakuja polepole na moto unaweza kuwaka wote kabla haijafika juu ukairudisha nyuma. Hiyo inavunja stata, na kwa anayewasha kwa mkono inavunja mkono. Dawa yake ni impalsi, springi iliyofungwa kwenye shafti ya magneto. Injini ikizunguka polepole springi inakazwa na magneto inasimama inasubiri, ikifika mahali springi inaachia ghafla, sumaku inaruka kwa kasi, cheche inatoka kali na imechelewa pistoni ikiwa karibu na juu. Injini ikishika mwendo vyuma vidogo vinatanuka kwa mzunguko na impalsi inajitoa. Ukizungusha propela kwa mkono taratibu, fundi akiwa amehakikisha ni salama, unausikia ule mlio, klak, kimya, klak. Injini nyingi zina impalsi upande wa kushoto tu, na ndo maana ukipeleka funguo kwenye START magneto ya kulia inapigwa ethi yenyewe ili isipige mapema. Kwa hiyo ndege inayogoma kuwaka lakini ikishawaka iko vizuri, mimi naanza kuangalia impalsi ya kushoto kabla sijagusa kitu kingine.

Waya za plagi nazo hazijapangwa hovyo. Kwa kawaida magneto moja inalisha plagi za juu za upande mmoja wa injini na za chini za upande wa pili, na nyingine kinyume chake. Sababu utaiona siku ukifungua plagi. Za juu zinatoka kavu, rangi ya kahawia hivi. Za chini ndo zinapokea kila kitu kinachoshuka, oili kidogo, na zaidi risasi, manake petroli ya ndege ya 100LL bado ina risasi, hadi gramu 0.56 kwa lita. Ukichungulia kwenye mdomo wa plagi ya chini ya injini inayotembea sana na mafuta mengi ardhini unaona punje ndogo za kijivu zimejipanga pembeni ya kauri, ngumu, nyingine zimeziba kabisa njia ya cheche. Unazitoa moja moja kwa ncha kali na lazima uwe na subira, ukipasua kauri umeua plagi. Kama magneto moja ingelisha za chini zote, hiyo moja ingekuwa mgonjwa siku zote na nyingine iko safi, kwa kuzichanganya mzigo umegawanywa.

Hapa ndo Nairobi na Arusha zinapoingia. Uwanja wa Wilson wa Nairobi uko futi 5,500 na kitu, wa Arusha 4,500 na kitu, hewa ni nyepesi, na mwanafunzi aliyetoka Dar ambako uwanja uko karibu na usawa wa bahari anakuja na mazoea yake ya kuacha mafuta yamefunguliwa mwisho, manake kwenye ndege hizi rubani mwenyewe ndo anapima mafuta ya kuchanganya na hewa. Injini inazama kwenye mafuta, anafika kucheki magneto injini inatetemeka, moja inashuka 200, anarudi anasema magneto mbovu. Mara nyingi magneto haina kosa. Cessna wenyewe wanasema uwanja ukiwa juu ya futi 3,000 punguza mafuta kabla ya kuruka. Kama plagi zimeshachafuka, panda mizunguko kiasi, punguza mafuta mpaka injini ilainike, iache iungue hivo kwa muda mfupi huku unaangalia joto, alafu cheki upya. Mara nyingi inarudi. Isiporudi, huruki, hata kama nyuma kuna watalii wamekaa wanaangalia saa.

Angani je? Injini ikianza kutikisika ghafla, watu wengi wanafikiri mfumo wa mbili utajitibu wenyewe. Hapana. Magneto ikifa kimya kimya ni kweli, nyingine inabeba na unaendelea. Lakini magneto inaweza isife, inaweza ikachanganyikiwa, meno ya gia ndani yakavunjika na ikaanza kupiga cheche silinda isiyo zamu yake au muda usio wake, na hapo ile nzima haiwezi kukusaidia kwa sababu ile mbovu imeshaunguza mafuta kabla yake. Lazima wewe uizime. Unajaribu L, unajaribu R, injini ikilainika kwenye moja unakaa hapohapo mpaka unatua, hurudi BOTH. Nimeona marubani wazuri hawajawahi kufikiria hilo kwa sababu mafunzo yalisisitiza kuwa BOTH ndo salama.

Historia fupi tu. Ndugu Wright, wale Wamarekani wa ndege ya kwanza, mwaka 1903 waliruka na magneto moja. Kule Ujerumani Gottlob Honold wa Bosch mwaka 1902 alikuwa ameshatoa magneto ya umeme mkali na plagi, na Waingereza vita vya 1914 vilipoanza walijikuta wanategemea magneto za Bosch, yaani za adui, ikabidi wajifunze haraka kutengeneza za kwao. Rubani Mmarekani Charles Lindbergh alipovuka Atlantiki mwaka 1927, saa 33 na nusu, ile injini yake ya Wright Whirlwind ilikuwa na magneto mbili za Scintilla. Tangu hapo mpangilio haujabadilika sana.

Kuna mahali walijaribu kubana na mimi sijawahi kupapenda. Baadhi ya Lycoming zina magneto mbili ndani ya boksi moja la kampuni ya Bendix, zinazungushwa na shafti moja, utazitambua jina la injini likiishia na D, kama O-320-H2AD ya zile 172N za kuanzia 1977 au IO-360-A1B6D. Pointi mbili, koili mbili, waya mbili, ila ile shafti ni moja na gia inayoizungusha ni moja, na boksi lenyewe likilegea kwenye injini taiming, yaani wakati wa kupiga cheche, ya zote mbili inaondoka pamoja. Ndege nyingi zimeruka nazo miaka na miaka bila shida, nakubali. Ila ukiwa na hiyo, fundi wako awe mtu wa kukaza na kurudia kuangalia.

Na hata zikiwa mbili zilizotengana kabisa unaweza kuziunganisha wewe mwenyewe bila kujua. Magneto za Slick na za Bendix zote zinatakiwa kufunguliwa kila saa 500 za injini, kuangalia pointi, kemu, brashi ya kaboni, gia za distribyuta, sili ya oili. Mwenye ndege anasema basi fungueni zote mbili siku moja, tupunguze gharama. Sasa umezifungua siku moja, fundi mmoja, spea za boksi moja, alafu zinachakaa kwa mwendo mmoja. Ushauri wangu kila mara ni zipishane, moja leo, nyingine baada ya saa mia kadhaa, gharama ni ileile mwisho wa siku.

Mifumo ya cheche ya elektroniki imeanza kuingia, SureFly na wenzake, na wengi wanatoa magneto moja tu na kuacha nyingine ya zamani. Mimi nauona ni mpango mzuri, unapata cheche kali, injini inawaka kirahisi, taiming inajisogeza kulingana na nguvu unayotumia kama umeiweka hivo, na bado umebaki na sumaku inayojitegemea siku umeme ukiisha. Ila ile ya kucheki magneto inabadilika. Ukizima ya elektroniki injini inabaki na magneto yenye taiming isiyosogea na mizunguko inashuka sana, ukizima magneto inashuka kidogo tu, wakati mwingine karibu hakuna. Tofauti ya zaidi ya 50 inaweza kuwa kawaida kabisa kwa ndege hiyo. Karatasi za nyongeza zinazokuja na kifaa zinatakiwa ziwe ndani ya kitabu cha ndege na rubani azisome, manake akija na zile 150 na 50 za kichwani atairudisha ndege hanga wakati haina tatizo, au ataruka na yenye tatizo akidhani ndo tabia yake mpya.